Moshi wa Ng'ambo ya Bahi

Wajukuu zangu wamenikataza kwenda stesheni kumsindikiza mtu. Wanasema nina mdomo mbaya. Mtu kashafunga mzigo wake, kashaaga, roho yake nyeupe, mimi namshika mkono namwambia wingu lile silipendi, au daraja la mbele limeliwa na maji, au wewe macho yako yana homa, kaa kwanza upone. Watu wanakasirika. Mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Dodoma alitema mate karibu na miguu yangu kwa sababu nilimwambia mwanawe asivuke korongo mchana ule. Akasema kizee hiki kinamwitia mwanangu kifo. Sawa, na ateme. Nina sababu yangu, na leo nataka kuiandika yote, maana mpaka sasa nimeisema kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo hakurudi.

Nilizaliwa Mpwapwa, wakati misafara ya wapagazi bado inapita pale kwenda na kurudi Tabora. Watu wa baba yangu walikuwa wafanyabiashara wa pwani waliochoka njiani wakajenga. Mama yangu naye alitoka nyumba ya namna hiyo hiyo, ila mama yake yeye, yaani bibi yangu, alikuwa Mgogo wa kuzaliwa tembeni, katika nyumba ya paa bapa la udongo, mwenye mbuzi zake na ukali wake. Bibi huyo ndiye aliyenilea miaka mingi. Wenzangu wa mjini walikaa chuoni wakasoma Kurani, mimi nikajua namna ya kumtoa mbuzi kwenye miiba bila kuchanika. Kusoma nilisoma baadaye, kwa kuchelewa, na mwandiko wangu unaonyesha.

Kuna jambo moja alilonifundisha ambalo lazima nilieleze hapa mapema, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu huku juu, mvua kubwa haiji ikisukumwa na upepo. Wingu linasimama mbali, jeusi, na upepo unaanza kuvuma kuliendea. Mgeni akiona hivyo anafurahi, anasema upepo unalifukuza. Bibi alikuwa akiwacheka watu hao. Alisema upepo umekwenda kulipokea wingu, kama watu wa nyumbani wanavyotoka kumpokea mgeni mwenye mizigo. Wakishamfikia, wanarudi wote pamoja. Na ndivyo ilivyo. Upepo unakwenda, unakwenda, halafu unakufa ghafla. Hapo una muda wa kukunja mkeka tu. Kisha unarudi kutoka kule kule kwenye wingu, baridi, una mvua ya mawe ndani yake. Mbuzi wanalijua hilo. Upepo ukianza kuliendea wingu, hata jua liwe linawaka, wanaacha kula na kugeuka nyumbani bila kuambiwa.

Mume wangu hakujua habari za mbuzi. Alikuwa baharia wa Pangani, tangu hana ndevu, mpaka chombo cha bwana wake kilipouzwa na yeye akapanda bara na msafara, akilaani kila jiwe la njiani. Alinioa Mpwapwa. Reli ya Wadachi ilipofika Dodoma tukahamia huko, akawa kibarua wa kubeba mataruma ya kulazia reli. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na akisema mikono nayo inasema. Alinieleza bahari mpaka nikaijua kabla ya kuiona, na hadi leo sijaiona.

Aliniambia namna maji yanavyobadilika rangi juu ya mwamba. Aliniambia tanga hushushwa mapema, siyo ukishaogopa. Aliniambia tufani ikikukuta usiipe ubavu wa chombo, ipe tezi, yaani nyuma ya chombo, ukimbie nayo mpaka ichoke. Na kubwa kuliko yote, aliniambia bahari haina hila: upepo ukitoka huku, wingu linakwenda kule, kazi yako ni kuangalia mgongoni kwako. Nilimwambia mara moja kwamba huku kwetu sivyo. Akacheka, akaniuliza tangu lini wachunga mbuzi wakawa manahodha. Nikachukua chungu changu nikaondoka kwa hasira, na sikulirudia.

Alikuwa pia na miiko yake. Mmoja aliushika kuliko hata swala. Chombo kikishagusa maji, aliyebaki nchi kavu hafungui mdomo kutaja baya. Hataji tufani, hataji kuzama, haulizi mtarudi lini. Hata kutazama angani kwa uso wa mashaka ni vibaya. Wanaobaki wananyamaza, au wanasema salama, basi. Aliamini kwamba neno baya likitamkwa ufukweni linapanda chomboni pamoja na mabaharia.

Nani angedhani miiko hiyo itapata kazi Ugogo? Lakini mwaka reli ilipotoka Dodoma kuelekea magharibi, mvua zilikuja kwa fujo. Mto Bubu ulishuka na maji ya pande za Kondoa, ya Busi na kwingineko, ukajaza nyika ya Bahi mpaka ikawa ziwa. Wenyeji wamezoea, maji huja, hukaa, huondoka, na udongo unabaki na chumvi yake. Mkandarasi mmoja Mgiriki aliyekuwa na kipande cha kazi pale hakuzoea. Nusu ya vibarua wake walikuwa wamekwama upande wa pili bila unga. Akaagiza mashua kutoka pwani. Ilikuja juu ya behewa mpaka Dodoma, kisha ikabebwa mabegani na watu ishirini mpaka Bahi. Wagogo walitoka tembeni kuitazama, wakadhani ni mzinga, wakauliza nyuki wa kuujaza watatoka wapi.

Mume wangu akajitokeza akasema yeye ni nahodha. Uongo, alikuwa baharia tu, ila hapakuwa na mtu wa kumbishia. Tukahamia Bahi kwenye kibanda cha nyasi karibu na maji. Sijapata kumwona na furaha kama ile. Asubuhi alikuwa anaamka akiimba, akaikagua mashua yake ubao kwa ubao, na mimi nikamtania kwamba kanipatia mke mwenza wa mbao. Jirani yetu alikuwa mjane wa Kigogo aliyepika chumvi. Kiangazi alikwangua udongo mweupe, akauchuja kwa maji kikapuni, akachemsha maji yale mpaka chumvi ikabaki chunguni; masika alikaa akiuza akiba yake. Alikuwa na mbuzi saba. Tulielewana siku ya kwanza, nilipomwamkia mbukwa naye akasikia sauti ya bibi yangu ndani yake.

Wiki ileile ya kwanza nilifanya kosa. Mashua inasukumwa majini, imejaa magunia, nami kwa utani tu nikamwambia mume wangu kwa sauti kubwa asizamishe unga wa watu. Loo! Alishuka. Akaamuru magunia yote yatolewe na mashua ivutwe nchi kavu, na siku hiyo hakwenda. Mgiriki alitukana kwa kila lugha aliyokuwa nayo. Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Mume wangu alininunia siku mbili, hataki chakula changu, hataki maji yangu, na siku ya tatu alisema neno moja tu, nisirudie. Nilikuwa na mimba, machozi yapo karibu saa zote. Nikaapa sitarudia.

Mimba hiyo ndiyo iliyoleta yote. Kabla yake zilikuwa zimeharibika mbili, na mara zote mbili nilikuwa peke yangu, mama yuko mbali. Baada ya baba kufariki alikwenda kuishi kwa mjomba Kilimatinde, kule juu ya mlima, ng'ambo ya maji ya Bahi. Safari hii nilimtumia salamu kwamba mama, njoo, sitaki kuzika mwingine ambaye hakulia. Nilimtaka yeye na mikono yake. Nilishajijengea moyoni kuwa mama akiwepo mtoto atatoka hai, asipokuwepo atatoka kimya. Mwanamke mwenye mimba akishashika wazo la namna hiyo, hata malaika hawamtoi.

Mama akaja. Alishuka mlima kwa miguu pamoja na mwuza tumbaku mmoja na mkewe, wakakuta njia imemezwa na maji. Wakakaa upande wa pili kwa watu wasiowajua. Kulikuwa na ishara yetu: anayetaka kuvushwa awashe moto wa majani mabichi ufukweni ili moshi uonekane. Siku ya kwanza ya moshi wao, Mgiriki alikuwa na magunia yake ya kuvusha kwenye kambi nyingine. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu akaiachia mashua saa sita mchana, na mimi tangu asubuhi kiuno kilikuwa kinakata na kuachia, kinakata na kuachia.

Jua lilikuwa kali siku hiyo. Juu ya mlima wa Kilimatinde, mbali kabisa, wingu lilikuwa limesimama, jeusi chini na jeupe juu. Na moshi wa mama yangu ulikuwa umeinama. Haukuinama kuja kwetu. Uliinama kwenda kule kwenye wingu.

Mume wangu aliutazama, akalowesha kidole, akakiinua, akatabasamu. Akasema upepo huu ni zawadi, utamfikisha ng'ambo bila kugusa kasia, na lile wingu unalisukuma liende zake Tabora.

Nilijua. Sitaki mtu asome hapa aseme maskini, labda alihisi tu, labda alikuwa na wasiwasi. Nilijua kama ninavyoujua mkono wangu wa kulia. Na kama ningetaka kujitia sijui, mbuzi saba wa jirani walipita pembeni yetu saa ileile, mchana wa jua, wanarudi nyumbani bila mtu wa kuwaswaga. Jirani alikuwa nyuma yao, kaniki begani. Alitazama wingu, akatazama mashua, akanitazama mimi. Akaniambia kwa Kigogo, taratibu, nimwambie mume wangu angoje lipite. Hakumwambia yeye mwenyewe, kwa sababu hawakuwa na lugha moja na kwa sababu mume ni wangu. Kisha akaenda kufunga zizi lake.

Mashua ilikuwa imeshagusa maji.

Niliwatazama wale mbuzi mpaka wakaishia nyuma ya miti. Mume wangu akaniona.

“Unaangalia nini?”

“Siangalii kitu,” nikasema. “Salama.”

Akatweka tanga lake, akaondoka.

Nimejiuliza maisha yangu yote kwa nini niliuma ulimi. Mwiko wake, ndiyo. Aibu ya siku ile ya magunia, ndiyo, sikutaka kuchekwa tena na kununiwa tena. Lakini chini ya hayo lilikuwepo jingine, na hilo ndilo linalonitia uchungu hadi leo: nilimtaka mama yangu. Kama ningesema, angevuta mashua juu, na tungengoja kesho, na kiuno changu hakikuonyesha kuwa kitangoja kesho. Nikajiambia huenda wingu likachelewa. Huenda akawahi. Nilicheza kamari, na nilichoweka hakikuwa changu.

Kwenda alikwenda vizuri, kama alivyosema. Niliona tanga lake likipungua mpaka likawa doa, nikaliona likishushwa ng'ambo. Kurudi ilibidi wapige makasia, maana upepo walikuwa nao usoni. Nilikaa kwenye gogo nimeshika tumbo. Wingu lilikuwa limeshashuka mlima. Lilikuwa linakuja kinyume cha upepo, kama bibi alivyosema, halina habari na mtu. Mashua ilipofika katikati ya maji, upepo ukafa. Moshi uliobaki kule ufukweni ukanyooka ukasimama wima.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Nilisimama nikapiga kelele mpaka koo likachubuka, nikawaita waje, wafanye haraka, nikataja tufani, nikataja kuzama, nikataja yote niliyokatazwa kutaja. Walikuwa mbali. Vibarua waliokuwa karibu walidhani ni uchungu wa mtoto, wakakimbia kumwita jirani. Kisha baridi ikanipiga usoni, na pazia la mvua likafunika maji yote, sikuona tena kitu.

Yaliyotokea huko ndani nilisimuliwa na mwuza tumbaku. Alisema upepo ulipowarukia, mume wangu hakubabaika hata kidogo. Alifanya sawasawa alivyofundishwa na bahari: akaupa tezi, akakimbia nao kuja upande wetu. Baharini angepona, na angewaponya wote. Lakini maji ya Bahi hayana kina. Kina chake ni kifua cha mtu mzima, na chini ni tope. Mawimbi yake ni mafupi, yamebanana, moja halijaisha jingine limefika. Mashua ikishuka kati ya mawimbi, pua yake ikachoma tope ikakwama, wimbi la nyuma likainua tezi, mashua ikapinduka na watu wake. Mwuza tumbaku na mkewe walisimama, wakaishika mashua iliyopinduka, mvua ya mawe ikiwapiga vichwani. Walikuwa warefu. Mama yangu alikuwa mfupi.

Mume wangu alimshika mkono. Kila wimbi lilimfunika mama kichwa, na miguu ya wote wawili ilikuwa imenaswa na tope. Mama alikuwa na bunda la vitambaa vya mtoto, alilifunga kwenye mkono wa pili na hakutaka kuliachia ili amshike mkwewe kwa mikono miwili. Mume wangu alimwambia aliachie. Alimwambia tena. Likaja wimbi, na baada yake hakuwa ameshika kitu. Mtu aliyevuka mkondo wa Pemba masika na kiangazi akampoteza mama mkwe wake kwenye maji ya kifuani.

Asubuhi yake tulimwona kwenye matete, bunda bado lipo mkononi. Mwanangu alizaliwa mchana wa siku hiyo, mikononi mwa jirani yule wa chumvi, ambaye hakuniuliza chochote, wala siku hiyo wala baadaye. Msichana. Alilia kwa nguvu hata kabla hajatoka mwili wote. Kumbe angelia tu, mama awepo asiwepo. Jirani alikuwa amevianika vile vitambaa juu ya tembe yake, vikakauka na jua, na tukamfunga mtoto navyo.

Mume wangu hakupanda tena mashua. Mgiriki alitafuta mtu mwingine, maji yakapungua, reli ikaenda zake Tabora, nasi tukarudi Dodoma, akawa mchukuzi wa mizigo stesheni. Yale maneno mengi yaliisha, na mikono yake ikakaa kimya. Watu walikuja kutupa pole, wanasema ni kazi ya Mungu, na yeye kila mara akawajibu kwamba Mungu asisingiziwe, ni yeye aliyesoma anga vibaya. Alisema hivyo mbele ya mjomba wangu. Alisema hivyo mbele ya mashehe. Mimi nimekaa hapo hapo, mtoto yuko mapajani, nimeinamisha kichwa, na wote wakaniona mke mwema anayemhurumia mumewe.

Hakutazama juu tena. Nasema kweli, miaka ile sikumwona akiinua uso kuangalia mbingu. Mtoto alipokua akamwuliza, “Baba, leo mvua itanyesha?” alimjibu, “Kamwulize mama yako.” Nilidhani ni uchovu wake tu. Mara nyingi nilitaka kumwambia. Nilikuwa naanza na sentensi kichwani nikiwa natwanga, naipanga vizuri, naimaliza. Akiingia mlangoni inapotea. Nilimwona anakonda chini ya mzigo ambao nusu yake ni yangu, pengine zaidi ya nusu, na bado nilimwachia aubebe.

Kisha vita ya Wadachi na Waingereza ikaja. Askari wakakusanya wapagazi, kwanza kwa kuita majina, baadaye kwa kukamata tu. Mume wangu aliitwa. Asubuhi ya kuondoka, stesheni ilijaa wake na mama za watu, na askari mmoja akipita mbele yetu na kiboko chake akisema hakuna kulia, hakuna maneno mabaya, semeni salama mwondoke. Wanawake wote wakasema salama. Nami nilikuwa nimeshafungua mdomo kuisema.

Nikashindwa. Lile neno lilinigeuka mdomoni. Nikamshika mume wangu mkono kupitia ubao wa behewa.

“Siku ile ya Bahi nilijua,” nikamwambia. “Lile wingu nililijua. Nikanyamaza.”

Hakushtuka, na hicho ndicho kilichonimaliza nguvu.

“Uliangalia mbuzi,” akasema. “Nikakuuliza, ukasema huangalii kitu. Nimengoja miaka yote hii uniambie wale mbuzi walikuwa na nini.”

Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige mbele za watu, ningelala na nafuu usiku ule. Lakini aliinama kwenye ubao akaniambia nimweleze sasa, haraka, gari linaondoka. Basi nikamweleza. Anga ilikuwa safi siku hiyo, hakuna wingu hata la dawa, ikabidi nitumie mkono wangu mmoja kuwa wingu na moshi wa gari kuwa upepo. Nikamwonyesha: upepo unakwenda huku, wingu liko huku, wewe unadhani linafukuzwa. Kumbe umekwenda kulipokea. Ukifa ghafla, ujue wameshakutana, na huna tena muda. Mtu mzima yule, nahodha wangu wa uongo, alinisikiliza kama mtoto wa chuoni, midomo inamwenda. Akairudia yote neno kwa neno ili nione kama amekosea. Hakukosea.

Nikamwuliza kama ningesema siku ile angenisikia. Alifikiri kweli, sikumwona akitafuta jibu la kunifurahisha.

“Sijui, mke wangu,” akasema.

Gari likaondoka. Nilimtazama mpaka nikachoka macho, naye alikuwa ametoa kichwa nje, anatazama juu.

Vita ilipokwisha, wengi hawakurudi na hakuna aliyekuja kutuambia chochote. Kwetu alikuja mtu mmoja, mpagazi, ngozi na mifupa, akaniulizia mtaa kwa mtaa mpaka akanipata. Alikaa mkekani, nikampa uji, akaniambia mume wangu alifariki huko kusini, kwa kuhara damu, kwenye kambi isiyokuwa na jina. Huyo mpagazi na wenzake ndio waliomzika. Nilishukuru kwa hilo.

Halafu akasema kuna jambo lingine. Wiki chache kabla ya kufa, walifika kwenye mto mkubwa uliokuwa umefurika mpaka huoni ng'ambo vizuri. Mitumbwi ilikuwa tayari imeshatiwa majini na kupakiwa mizigo. Jua linawaka. Wingu liko mbali, upande wa pili, na upepo unakwenda huko huko. Mume wangu akatua mzigo wake, akakaa chini, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba wakivuka sasa watazama. Wapagazi wote wakakaa. Askari akamwuliza yeye nani wa kusema maneno ya mkosi chombo kikiwa majini. Akajibu kuwa ni baharia. Wakamlaza wakaanza kumpiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano.

Walikuwa hawajafika ishirini upepo ukafa. Yule mpagazi alisema hata anayepiga alisimamisha mkono, bila kujua kwa nini. Bwana mkubwa wao Mdachi akatazama mto, akatazama wingu, na hakuna mtu aliyeambiwa apande. Kisha likaja. Mitumbwi iliyokuwa imefungwa ukingoni ilipinduka yote palepale ilipofungwa. Wao walikuwa wamelala kifudifudi kwenye mvua ya mawe, mume wangu katikati yao, mgongo umechanika, na mmoja akamwuliza amejifunza wapi elimu ile. Akasema amefundishwa na mkewe.

Mpagazi yule alikuwa mmoja wa waliotakiwa kupanda mtumbwi wa kwanza. Alikuwa ametembea siku nyingi ili aje aniambie ahsante. Nilimwomba asiniambie, akaniambia.

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, msichana wa miaka minane sasa, ameanza kurefuka kama baba yake. Nikainuka nikamwongezea mgeni uji, nikakaa tena. Mume wangu alilisema lile neno chombo kikiwa kimeshagusa maji. Aliuvunja mwiko wake mwenyewe, mbele ya kiboko, kwa ajili ya watu ambao wengine hata majina yao hakuyajua, akalilipia kwa mgongo wake. Mimi kule Bahi neno lile lingenigharimu siku mbili tu za kununiwa.